Ini Linamsikiliza Nani? Somo la Homoni Kutoka kwa Samaki

Leo hatuanzii hospitali, tunaanzia jikoni. Siku ukiletewa sato au perege na ukapewa kazi ya kumpasua, usikimbilie kutupa vya tumboni. Tazama kwanza. Upande wa mbele, nyuma ya matamvua, utaona kitu laini chenye rangi ya kahawia au nyekundu iliyokolea. Pembeni yake kuna kifuko kidogo cha kijani. Hicho kifuko ni nyongo, na kila mpishi anajua kikipasuka mboga yote inakuwa chungu. Kile kitu laini sasa, hilo ndilo ini.

Samaki hana saa ya chakula. Leo anakula mpaka anashiba, kesho hapati kitu, keshokutwa anakimbizwa na sangara mwenye njaa. Hata hivyo damu yake inatakiwa iwe na sukari kiasi muda wote, kwa sababu ubongo na misuli vinaitegemea. Ghala ya sukari hiyo ni ini. Swali letu la leo ni hili: ini halina macho wala masikio, sasa linajuaje kwamba mwenyewe ameshiba, ana njaa au anakimbizwa? Nani analiambia lini lifungue ghala na lini lifunge?

Jibu ni homoni. Ukielewa jinsi homoni zinavyozungumza na seli za ini la samaki, utaelewa pia jambo moja linaloweza kuokoa maisha ya rafiki yako, au yako wewe mwenyewe. Twende taratibu, hatua kwa hatua.

GHALA LA MWILI

Samaki akila, chakula kinasagwa tumboni na kwenye utumbo. Kinachopatikana ni vitu vidogo vidogo: glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu, asidi amino zinazotokana na protini, na mafuta. Damu inayotoka kwenye utumbo haiendi moja kwa moja mwili mzima. Inapita kwanza kwenye ini. Kwa hiyo ini ni kama karani wa ghala aliyekaa mlangoni: kila gunia linaloingia lazima lipite mbele yake.

Seli za ini zinaweza kufanya mambo makuu matatu na sukari:

1. Kutunza. Seli inaunganisha glukosi nyingi kuwa mnyororo mrefu wenye matawi. Mnyororo huo unaitwa glaikojeni. Hiyo ndiyo akiba, na wahenga walisema akiba haiozi.

2. Kutoa. Akiba ikihitajika, seli inakata glaikojeni na kuachia glukosi moja moja iende kwenye damu.

3. Kutengeneza mpya. Kama samaki hali kwa muda mrefu, seli inachukua vitu vingine, hasa asidi amino, na kuvigeuza kuwa glukosi.

Hili la tatu samaki ni bingwa wake. Chukua mfano wa samoni wa Bahari ya Pasifiki. Wakati wa kuzaa ukifika, anaacha bahari na kupanda mito ya Kanada na Marekani, kama mto Fraser, akipambana na maji yanayoteremka. Safari nzima hali chakula. Anatumia mafuta na protini za mwili wake mwenyewe, na ini lake linaendelea kutengeneza sukari. Anafika, anazaa, halafu anakufa.

Sasa fikiria: kama ini lingefanya kazi zote tatu kwa pamoja, lingekuwa linajaza gunia huku linatoboa chini. Lazima kuwe na amri.

WAJUMBE WANNE

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Homoni ni mbiu ya mwili. Inatengenezwa sehemu moja, inaingia kwenye damu, inasafiri, na kufika mahali pengine kutoa taarifa. Wajumbe wanaolifikia ini ni wengi, lakini leo tukutane na wanne wakubwa.

INSULINI ni mjumbe wa shibe. Anatoka kwenye kongosho. Ujumbe wake: "Chakula kimefika. Pokea, tunza, acha kutoa."

GLUKAGONI ni mjumbe wa njaa. Naye anatoka kwenye kongosho. Ujumbe wake: "Sukari ya damu inashuka. Fungua ghala."

ADRENALINI ni mjumbe wa hatari. Kwa samaki anatoka kwenye seli zilizo katika sehemu ya mbele ya figo, karibu na kichwa. Kwako wewe anatoka kwenye tezi ndogo zilizokaa juu ya figo. Ujumbe wake: "Adui! Toa sukari sasa hivi!"

KOTISOLI ni mjumbe wa shida ya muda mrefu. Kwa samaki naye anatoka sehemu hiyo hiyo ya mbele ya figo. Ujumbe wake: "Hali si nzuri na haitaisha leo. Jiandae kutengeneza sukari mpya."

Umeona? Wanne hao unao na wewe. Samaki na binadamu wametengana kwa mamilioni mengi ya miaka, lakini wajumbe hawa wamebaki.

HODI MLANGONI

Mjumbe akifika kwenye seli ya ini, anafanyaje? Hapa ndo penye utamu wa somo.

Seli imezungukwa na utando. Adrenalini na glukagoni hawawezi kupenya utando huo. Wanafanya kama mgeni mwenye adabu: wanasimama nje na kupiga hodi. Mlangoni kuna protini maalumu inayoitwa kipokezi. Kila kipokezi kinamtambua mjumbe wake. Cha glukagoni hakimjibu insulini, wala cha insulini hakimjibu glukagoni. Seli isiyo na kipokezi cha mjumbe fulani haisikii kitu, hata mjumbe huyo apite mara mia. Ndiyo maana homoni inazunguka mwili mzima lakini inasikika kwa wanaohusika tu.

Sasa tumfuate samaki anayeitwa trauti, yule wa maji ya baridi anayepatikana hata kwenye mito ya Mlima Kenya. Wanasayansi wamezichunguza sana seli za ini lake. Trauti akitishwa, mambo yanakwenda hivi:

Hatua ya 1. Adrenalini inafika na kushika kipokezi chake nje ya seli.

Hatua ya 2. Kipokezi kinajipinda. Upande wa ndani kinamgusa jirani yake, protini inayokaa chini ya utando, naye anaamka.

Hatua ya 3. Jirani huyo anakiamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli ndogo nyingi zinazoitwa saikliki AMP. Hizi ndizo wajumbe wa ndani. Mgeni hakuingia, lakini mtoto wa nyumba ametumwa vyumbani kueneza habari.

Hatua ya 4. Saikliki AMP inaamsha kimeng'enya kingine, nacho kinaamsha kingine, mpaka amri inamfikia mkata glaikojeni, anayeitwa fosforilesi.

Hatua ya 5. Fosforilesi anaanza kukata. Glukosi inamiminika kwenye damu. Misuli inapata nguvu, samaki anachomoka.

Kwa nini mlolongo mrefu hivi? Kwa nini mjumbe asimwambie fosforilesi moja kwa moja? Kwa sababu katika ngazi karibu kila moja, sauti inakuzwa. Kimeng'enya kimoja kikiamshwa kinatengeneza saikliki AMP nyingi. Kila kimeng'enya kinachofuata kinaamsha vingi. Ni kama habari ya msiba kijijini: mmoja anawaambia watano, na kila mmoja wa hao watano anawaambia wengine watano, na kabla jua halijazama kijiji kizima kimejua. Hivyo homoni kidogo sana kwenye damu inaweza kutoa sukari nyingi sana kwenye ini, tena kwa dakika chache.

Aliyegundua mjumbe huyu wa ndani ni Mmarekani Earl Sutherland, katika miaka ya 1950. Alikuwa akichunguza maini ya wanyama kama mbwa, akitaka kujua adrenalini na glukagoni zinafanyaje mpaka ini litoe sukari. Ugunduzi wake ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Baadaye ikaonekana kwamba mpango huo huo upo kwenye ini la samaki.

ASIYEPIGA HODI

Kotisoli ni tofauti. Kotisoli ni homoni ya jamii ya mafuta, na utando wa seli nao umejengwa kwa mafuta. Kwa hiyo anapita. Anaingia ndani, anakutana na kipokezi chake humo humo, kisha wote wawili wanakwenda mpaka chumba cha ndani kabisa: kiini cha seli, mahali zinapotunzwa jeni. Huko wanawasha jeni zinazotoa maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya vipya, vile vya kugeuza asidi amino kuwa glukosi.

Kazi hii haiishi kwa dakika. Inachukua saa nyingi, hata siku. Adrenalini inafungua ghala lililopo. Kotisoli inajenga kiwanda.

Wafugaji wa samaki wanalijua hili hata kama hawalitaji kwa jina. Samaki wakibanwa wengi kwenye bwawa dogo, wakishikwashikwa, au wakisafirishwa kwenye maji yasiyo na hewa ya kutosha, kotisoli na sukari vinapanda kwenye damu yao. Ndiyo maana wataalamu wakitaka kujua kama samaki wana taabu, kipimo kimojawapo ni sukari ya damu. Shida ikiendelea, samaki anakula mwili wake mwenyewe. Hakui vizuri na anaugua kirahisi. Ini linatii amri, lakini amri isiyokoma inamaliza mwili.

MJUMBE WA SHIBE

Tumebakiwa na insulini, na huyu ndiye wa kumshika sana.

Insulini naye anapiga hodi mlangoni. Kipokezi chake kikishamtambua, kinaanzisha mlolongo mwingine ndani ya seli, wenye amri tatu. Ya kwanza: wajenzi wa glaikojeni, anzeni kazi. Ya pili: wakataji, pumzikeni. Ya tatu: zimeni jeni za kutengeneza glukosi mpya. Yaani insulini hatuwezi kumwita "mshusha sukari" tu tukaishia hapo. Kwa ini, yeye ndiye anayesema "basi, inatosha."

Kuna jambo la ajabu kidogo kwa samaki. Wewe ukila ugali au wali, sukari ya damu ikipanda ndiyo inayosukuma zaidi kongosho kutoa insulini. Kwa samaki wengi, asidi amino zinasukuma kuliko sukari. Inaeleweka, kwa sababu samaki anayewinda anakula nyama, na nyama ni protini.

Sasa mpe trauti chakula chenye wanga mwingi. Sukari ya damu yake inapanda na kubaki juu kwa saa nyingi. Watafiti walipochungulia ini lake waliona sababu mojawapo: ini linaendelea kutengeneza glukosi mpya wakati damu tayari imejaa. Ni kama amri ya "basi" haisikiki vizuri. Sato yeye, ambaye kwa asili anakula mimea na vitu mchanganyiko, anavumilia wanga zaidi. Ndiyo maana sato anaweza kufugwa kwa chakula chenye pumba na unga wa nafaka.

Weka kichwani picha hiyo: damu imejaa sukari, na ini bado linaongeza. Tutairudia sasa hivi.

SAMAKI ALIYESAIDIA KUMJUA INSULINI

Mwaka 1921 na 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata dondoo ya kongosho iliyoshusha sukari. Walikuwa wakifanya kazi katika maabara ya Profesa John Macleod, na mkemia James Collip akaisafisha dondoo hiyo. Januari 1922 mvulana aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda na kukaribia kufa kwa kisukari, akawa mtu wa kwanza kuchomwa. Sindano ya kwanza haikusaidia sana. Baada ya dondoo kusafishwa vizuri zaidi, akachomwa tena, na hali yake ikabadilika. Aliishi mpaka mwaka 1935.

Lakini swali lilibaki: insulini inatoka sehemu gani hasa ya kongosho? Kongosho letu lina seli za aina mbili. Nyingine zinatoa vimeng'enya vya kusaga chakula. Nyingine zimejikusanya kama visiwa vidogo katikati ya hizo, na ni vigumu kuzitenganisha.

Macleod akaenda kwa samaki. Kwa samaki wengi wenye mifupa, visiwa hivyo vimejitenga na kuwa kivimbe chake peke yake. Majira ya kiangazi ya mwaka 1922, huko St Andrews, New Brunswick, pwani ya mashariki ya Kanada, aliwachukua samaki wa baharini, mmojawapo wa jamii ya Lophius mwenye kichwa kikubwa na mdomo mpana. Akatoa dondoo ya visiwa peke yake, na dondoo ya kongosho peke yake. Dondoo ya visiwa ilishusha sukari. Ile nyingine haikufanya kazi hiyo. Mjadala ukafungwa. Mwaka uliofuata, 1923, Banting na Macleod wakapewa Tuzo ya Nobel.

Samaki huyo huyo wa jamii ya Lophius alirudi tena kwenye sayansi mwaka 1982. Watafiti walipokuwa wakisoma jeni yake ya glukagoni walikuta imebeba pia maelekezo ya homoni nyingine inayofanana nayo. Ndugu yake kwa binadamu ni ile inayoitwa GLP-1. Hapa pana fundisho la tahadhari. Kwa samaki, GLP-1 inaliambia ini litoe sukari, kama glukagoni. Kwa binadamu inasaidia kongosho kutoa insulini baada ya kula, na tangu mwaka 2005 dawa zinazoiga kazi yake zimekuwa zikitumika kutibu kisukari cha aina ya 2. Jina ni lile lile, ujumbe umebadilika. Kwa hiyo samaki anatufundisha mengi, ila si kila kitu chake ni chako.

NA WEWE JE?

Sasa turudi kwetu. Kisukari cha aina ya 1 kinawapata hasa watoto na vijana. Kinga ya mwili inakosea na kushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mpaka zinaisha. Si kwa sababu mtu alikula pipi nyingi. Si laana, si kurogwa, na hakiambukizwi.

Fikiria seli ya ini la kijana huyo. Amekula, damu imejaa sukari, lakini mjumbe wa shibe hajafika. Anayesikika ni glukagoni peke yake. Ini linafanyaje? Linaamini mwenyewe ana njaa. Linakata glaikojeni. Linatengeneza glukosi mpya. Linaongeza sukari juu ya sukari. Ini siyo bovu! Linatii ujumbe linaousikia.

Sukari ikizidi inamwagikia kwenye mkojo na kuvuta maji. Kwa hiyo dalili zake ni hizi:

- Kukojoa sana, hata mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena.
- Kiu kali isiyoisha.
- Kukonda haraka ingawa anakula.
- Kuchoka sana, macho kuona ukungu.

Asipotibiwa, mafuta ya mwili yanamiminika kwenye ini, nalo linayageuza kuwa ketoni. Ketoni zikizidi, damu inakuwa na asidi. Hapo mtu anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa nguvu na haraka, pumzi inanukia kama tunda lililoiva sana, anasinzia na mwisho anapoteza fahamu. Wengi hudhani ni malaria kali au mambo ya mashetani, na muda unapotea. Ukiona dalili hizi kwa mtu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na uombe apimwe sukari. Ni tone moja la damu ya kidole. Mwenye dalili hizi, kipimo cha saa yoyote kikisoma milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, hicho ni kisukari.

Na sasa lile jambo nililoahidi kwamba linaweza kuokoa maisha. Kijana mwenye aina ya 1 akiugua homa na akashindwa kula, wengi humwambia, "Hujala, basi leo usichome insulini." Ushauri huo unaua! Hujala, sawa, lakini ini lako linatengeneza sukari lenyewe, na wakati wa homa adrenalini na kotisoli zinapanda na kuliamrisha litengeneze zaidi. Kumbuka samoni: hali kitu, na bado ini lake linatoa sukari. Kwa hiyo insulini haiachwi. Dozi inaweza kubadilishwa, na anayeibadilisha ni daktari au muuguzi wa kliniki. Pima sukari mara kwa mara, kunywa maji mengi, na kama unatapika nenda hospitali haraka.

UPANDE WA PILI: SUKARI IKISHUKA

Insulini ikizidi, au mtu akichoma halafu asile, ini linaambiwa "funga ghala" wakati sukari imekwisha. Adrenalini inapiga mbiu. Ndiyo maana anatetemeka, anatoka jasho na moyo unamwenda mbio. Anaweza pia kuchanganyikiwa au kuwa mkali bila sababu. Mpe haraka soda yenye sukari, juisi, au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji. Akipata nafuu ale chakula. Kama amepoteza fahamu usimnyweshe kitu, atapaliwa. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

MASWALI MNAYOULIZA SANA

"Nikila ini la samaki kila siku nitapona kisukari?"
Hapana. Ini halitengenezi insulini, linaisikiliza tu. Na hata ungekula kongosho lenyewe, insulini ni protini, tumbo litaisaga kama nyama nyingine. Ndiyo maana inachomwa.

"Mwenzetu bwenini anajichoma sindano. Anatumia dawa za kulevya?"
Muulize kwa heshima kabla hujamtangaza. Inawezekana anamleta mjumbe ambaye mwili wake hauwezi kumtengeneza. Wapo wanafunzi wanaojificha chooni kuchoma, na wengine wanaruka dozi kwa kuogopa kuchekwa. Kicheko chako kinaweza kumlaza hospitali.

"Hatuna friji nyumbani. Insulini nitaitunzaje?"
Iweke mahali pa baridi pasipo na jua. Watu wengi hutumia chungu cha udongo chenye maji, na chupa ya dawa ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Isigande kuwa barafu, ikiganda imeharibika. Chupa iliyofunguliwa kwa kawaida hutumika kama wiki 4. Na sindano haiazimwi.

"Mganga ameniambia nitumie mizizi, niache sindano."
Kwa aina ya 1 hakuna mzizi unaochukua nafasi ya insulini. Ukiiacha, ini halitangoji mizizi ifanye kazi.

JIPIME

1. Seli ya ini inafanya mambo gani matatu na sukari?
2. Kwa nini adrenalini inafanya kazi kwa dakika lakini kotisoli kwa saa nyingi?
3. Saikliki AMP ni nani katika nyumba yetu ya mfano?
4. Kwa nini mgonjwa wa kisukari cha aina ya 1 asiache insulini hata kama hajala?

Majibu: (1) Kutunza, kutoa na kutengeneza mpya. (2) Adrenalini inaamsha vimeng'enya vilivyopo tayari. Kotisoli inawasha jeni ili vitengenezwe vipya. (3) Mtoto wa nyumba anayetumwa vyumbani. (4) Kwa sababu ini linaendelea kutengeneza sukari lenyewe.

Umepata yote manne? Safi sana! Umekosa la nne? Rudi ulisome tena, maana hilo ndilo la kwenda nalo nyumbani. Kisha msomee mtu mmoja: mama, mwalimu wa zamu, au kiranja wa bweni. Na kwenye klabu yenu ya afya jadilini hili: shuleni kwenu, mwanafunzi mwenye kisukari ana mahali pa kuchoma sindano yake bila aibu, na pa kuitunza dawa yake? Kama hapana, nani ataanza kuongea na mwalimu?